Kuna "leaky" Ndani ya Kyela: Namna ya Kupata Maneno ya Kiingereza Kwenye Herufi Ulizopewa

Andika KYELA kwenye karatasi, kisha zipange upya herufi zake tano. Zinatoa "leaky", sifa ya kitu kinachovuja, bila herufi kubaki wala kuongezeka. IRINGA inatoa "airing", neno linalotumika kwa kuanika nguo zipate hewa na kwa kurusha kipindi redioni. MBEYA inatoa "maybe", labda. Majina matatu ya mahali katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania, na kila moja limebeba neno zima la Kiingereza. Sasa jaribu NJOMBE. Utapata "bone", utapata "omen" na "job", lakini neno la kumaliza herufi zote sita hulipati hata ukikesha.

Kwa nini Kyela inakubali na Njombe inakataa? Wengi watasema ni bahati, au watasema anayejua maneno mengi ndiye anayeona. Msamiati unasaidia, hilo halina ubishi. Lakini mwanafunzi wa kidato cha kwanza anayejua "air" na amekwisha kutana na "-ing" ana kila anachohitaji kupata "airing", na bado ataitazama IRINGA kwa dakika kumi asione kitu. Anachokosa ni kujua aanze kutazama wapi. Hilo linafundishika, na kwa mtu aliyelelewa kwa Kiswahili kuna sababu maalumu zinazomfanya atazame upande usio na kitu.

Kabla ya hapo kuna mkanganyiko mwingine wa kuondoa. Mtu akikuambia "tafuta maneno ya Kiingereza yenye herufi hizi", amekupa agizo lenye maana kadhaa, na watu hubishana juu ya majibu huku kila mmoja akijibu swali lake.

Maana ya kwanza ni hiyo ya Kyela: tumia herufi zote, usiache, usiongeze. Ya pili ni kwamba neno litoke ndani ya herufi ulizopewa, na zisizotumika zibaki. Kwa maana hiyo Iringa ni shamba la rutuba: "rain", "grain", "gain", "ring", "grin", "rang", "air", "rag". Hapa ndipo makosa mengi hutokea, kwa sababu kila herufi inatumika mara zile tu ilizotolewa. "Raining" inaonekana kama imetoka Iringa moja kwa moja, lakini ina N mbili, na Iringa ina moja. "Again" nayo inadai A mbili. Herufi pekee ya kutumia mara mbili humo ni I, maana ndiyo iliyotolewa mara mbili. Ipo michezo inayoruhusu kurudia herufi upendavyo, kwa hiyo uliza mapema.

Maana ya tatu inageuza mambo. Herufi ulizopewa lazima ziwemo, ila nyingine zinaruhusiwa kuingia. Ukipewa B, M na Y unaweza kuleta "symbol", "embody", "assembly". Ukipewa irabu zote tano unaweza kuleta "education", "equation", "tambourine", "pneumonia", hata "cauliflower", ile koliflawa inayopenda baridi. "Facetious" inazo zote tano kwa mpangilio uleule wa a, e, i, o, u, na "abstemious" vilevile. Katika maana ya pili herufi ulizopewa ni ukuta, huwezi kutoka nje yake. Katika maana ya tatu ni msingi tu, unajenga juu yake unavyotaka. Anayechanganya hizo mbili ataliita kosa jibu lililo sahihi kabisa.

Halafu kuna suala la mpangilio. Ukiambiwa neno liwe na NGW zikifuatana bila kuingiliwa, kama zilivyo katika SONGWE, jibu ni adimu: "gangway". Ukiambiwa zifuatane kwa zamu lakini zinaweza kuachana, milango inafunguka. Mchezo huo wa mwisho unafaa sana safarini. Barabara kuu inayotoka Dar es Salaam kwenda Tunduma inapita Makambako na Mbeya, malori hayakatiki, na namba za magari ya kawaida ya Tanzania huishia na herufi tatu. Ukiona DRG, tafuta neno lenye D, kisha R mbele yake, kisha G: "dragon", "drawing", "hydrogen", "underground". Watoto wakiwa kwenye basi wanaweza kuucheza kutoka Mafinga hadi Uyole, na kichwani wanapitia maneno ambayo hawajayagusa tangu walipofunga shule.

Mwisho kuna swali la nafasi, ambalo wacheza chemshabongo wanalifahamu: herufi fulani zimeshajulikana zinakaa wapi, nyingine ni mapengo. Mapengo mawili kisha A, K, Y yanakubali "leaky", "shaky" na "flaky". Wordle, mchezo wa neno la herufi tano na majaribio sita uliotengenezwa na Josh Wardle na kuenea mwishoni mwa 2021, unachanganya swali hili na lile la tatu: unaambiwa herufi ipi imo, ipi haimo, na ipi imekaa mahali pake.

Tuseme swali limeeleweka, ni lile la kwanza, na unazo herufi za Iringa. Kuna njia ngapi za kuzipanga? Herufi sita zote tofauti zingetoa mipangilio 720. Kwa kuwa I imejirudia, inabaki 360. TUNDUMA, yenye herufi saba na U mbili, ina 2,520. Na hapo tunahesabu mipangilio ya herufi zote tu. Ukipewa herufi saba zisizojirudia na ukaruhusiwa kuacha baadhi, mipangilio yote mifupi na mirefu inafika 13,699. Hakuna kichwa kinachopitia hiyo yote. Anayeona jibu haraka amejifunza kuitupa mipangilio mingi bila kuigusa.

Kiingereza kitazame mkiani

Mtu aliyesoma Kiswahili shuleni amefundishwa kuvunja neno. "Tutapikiana" ni tu-ta-pik-i-an-a: nafsi, wakati, mzizi, kisha viambishi tamati. Uwezo huo wa kuchambua viambishi ndio hasa unaotakiwa hapa, na inasikitisha kwamba tunauacha kwenye daftari la Kiswahili tunapofungua la Kiingereza. Tofauti ni upande. Kitenzi cha Kiswahili kinakupa mengi mwanzoni: nani anatenda, lini, amekubali au amekataa. Kwa hiyo jicho letu limezoea kuanza na kichwa cha neno. Kiingereza kina viambishi vya mwanzoni pia, kama "un-", "re-", "dis-", "over-", lakini mzigo mkubwa umewekwa mkiani: "-ing", "-ed", "-er", "-est", "-ly", "-y", "-s", "-ness", "-ment", "-tion", "-able", "-ful", "-less".

Rudi Iringa ukiwa na wazo hilo. Ziko I, N na G? Zipo. Ziweke kando kama mkia. Zimebaki I, R na A. Herufi tatu zina mipangilio 6 tu, na mmojawapo ni "air". Umetoka 360 hadi 6 kwa hatua moja. Kyela nayo ina Y, na Y katika Kiingereza hupenda sana kukaa mwisho, hasa kutengeneza sifa: "rainy", "windy", "dirty". Iweke mkiani. Zilizobaki ni K, E, L na A: "lake", "kale", "leak". Ya tatu ukiiongezea Y unapata "leaky". Kwa wilaya inayopata mvua nyingi kama Kyela, hilo ni neno la kuanza nalo somo.

Mbeya ina milango miwili. Kwa mlango wa mkia, ukiondoa Y unabaki na "beam", na "beamy" imo kwenye kamusi. Kwa mlango wa pili, Kiingereza huunganisha maneno mawili kamili yakawa moja: "sunset", "rainfall", "footpath". "Maybe" ni "may" na "be". Kwa hiyo usipoona mkia, jaribu kuzigawa herufi katika mafungu mawili yanayoweza kusimama peke yake.

Sasa Njombe. Haina S, haina D wala R wala Y wala L wala T. Ina E na N za kutengeneza "-en", lakini J, O, M na B zinazobaki hazitoi neno. Bila D, R au S hiyo E haipati mkia mwingine wa kuunda, na haina I na G za kutengeneza "-ing". Juu ya hayo kuna J. Kiingereza hakimalizi neno kwa J, ukiacha machache yaliyoazimwa kama "raj" na "hajj", na J ni nadra kuwa jirani wa konsonanti nyingine isipokuwa N, D na B katikati ya neno: "enjoy", "injure", "adjust", "object". Jina lenye J na lisilo na mkia wa kufaa limejifungia lenyewe.

Jambo jingine la kufanya kabla hata ya kutafuta mkia: vunja jina lenyewe. Mradi unaitazama IRINGA ikiwa imenyooka hivyo, akili inasoma mji. Ziandike herufi kwa duara, au konsonanti upande mmoja na irabu upande mwingine. Ni hatua ndogo mno, lakini kwa watoto naiona inafaa kuliko kuwakaririsha orodha ndefu za maneno.

Ziko jozi za herufi ambazo Kiswahili kinazianzisha neno bila shida na Kiingereza hakifanyi hivyo. Mbeya, Mbarali, Mbozi, Mbinga: hakuna neno la kawaida la Kiingereza linaloanza na MB, ila yale yaliyochukuliwa Afrika, kama "mbira". Lakini MB ipo tele katikati na mwishoni: "number", "member", "embassy", "climb", "thumb", "lamb". NG hali kadhalika. Sisi tunaanza nayo, ngoma na nguo; wao wanamalizia nayo, "long", "bring", "young". Kwa hiyo ukiona M na B au N na G kati ya herufi zako, usizitupe na usizipange mwanzoni. Zisogeze nyuma.

Kinyume chake, Kiingereza kina mirundiko ya konsonanti ambayo sikio la Kiswahili lingependa kuiwekea irabu katikati. Str, spr, scr na spl mwanzoni. Ck, ft, mp, lt, nk mwishoni. "Strength" ina herufi nane na irabu moja tu. Mswahili anayetafuta maneno hupanga kwa silabi, konsonanti na irabu, konsonanti na irabu, kwa sababu ndivyo maneno yake mengi yalivyo. Matokeo yake anaona "make" na "take" ndani ya MAKETE mara moja, lakini "meek" na "teak" humchelewa, maana zinaishia na konsonanti.

Mirundiko ya ajabu zaidi hutokea kwenye mshono, pale sehemu mbili zilipounganishwa. "Gangway" niliyoitaja ni "gang" na "way". Ndiyo maana NGW imo humo, na ndiyo maana huipati kwenye neno lisilo na mshono. "Withhold" ina H mbili kwa sababu ni "with" na "hold". "Bookkeeper", mtunza hesabu, ina jozi tatu mfululizo, oo, kk, ee, kwa sababu hiyo hiyo. "Catchphrase" ina konsonanti sita zilizoshikana, t-c-h-p-h-r. Ukipewa herufi zisizoonekana kama zinaweza kukaa pamoja na umeambiwa ni lazima zifuatane, acha kutafuta neno moja. Tafuta mawili.

Sikio linapokosea njia

Tunduma, mji wa mpakani na Zambia, una neno zuri ndani yake ambalo wachache wataliona: "autumn", majira ya majani kupukutika huko Ulaya. A, U, T, U, M, N, na D inabaki. Halionekani kwa sababu mbili. Halina mkia wa kuondoa, na N yake ya mwisho haitamkwi. Mtu anayetafuta kwa kusikiliza atasikia neno linaloishia M na kusimama hapo. MN ni mwisho wa familia nzima ya maneno: "column", "hymn", "solemn", "condemn". Ukiifahamu familia, utaijaribu kila unapoona M na N pamoja.

Rungwe inatoa "wrung", wakati uliopita wa kukamua nguo. W hiyo ni bubu. Iko mwanzoni mwa "write", "wrong", "wrap", "wrist". K ni bubu katika "know", "knee", "knife". GH ni bubu katika "night", "eight" na "thought". Kiswahili kinaandikwa kinavyotamkwa, jambo ambalo ni neema, lakini limetuzoesha kuamini kwamba herufi isiyosikika haipo. Anayetafuta maneno ya Kiingereza lazima ajifunze kutafuta kwa jicho.

Huku kwetu suala la sikio lina uzito wa ziada. Kinyakyusa na Kihehe, kama lugha nyingine kadhaa za ukanda huu, hazitumii L na R kutenganisha maana ya maneno. Anayezungumza mojawapo tangu utotoni anaweza kuzisikia kama sauti moja, na hilo halina aibu yoyote. Ni jinsi lugha ya kwanza inavyolifunza sikio. Lakini katika kutafuta herufi, Kiingereza hakisamehi: "play" na "pray", "glass" na "grass", "collect" na "correct", "light" na "right", "fly" na "fry" ni maneno tofauti. Mtoto akiambiwa atafute neno lenye L, A, G, S, S akaleta "grass", mara nyingi neno analijua na maana anaijua. Kilichoteleza ni herufi moja. Mwalimu anayeweka alama ya kosa na kupita amepoteza nafasi nzuri. Mchezo wa herufi unafaa sana kwa tatizo hili, kwa sababu unamlazimisha mtoto kuishika ile R mkononi, ikiwa imeandikwa kwenye kipande cha karatasi, na kuona kwamba haimo miongoni mwa zake.

Herufi hazina nguvu sawa

Alfred Butts, msanifu majengo wa Marekani aliyekosa kazi wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi miaka ya 1930, alitaka kubuni mchezo wa maneno. Ili ajue kila herufi itengenezewe vipande vingapi, alihesabu herufi kwenye kurasa za magazeti. Mchezo wake ndio uliokuja kuitwa Scrabble mwaka 1948, baada ya James Brunot kuuchukua na kuutengeneza kwa ajili ya soko. Katika vipande 100, E ziko 12, A 9, I 9 na O 8. J, K, Q, X na Z ni kimoja kimoja. S ziko 4 tu, ingawa ni herufi inayoonekana kila mahali, na sababu yake inarudi kwenye mkia: S inageuza karibu nomino yoyote kuwa wingi, na zingekuwa nyingi mchezo ungekuwa mwepesi mno.

Majina yetu hayakupimwa kwa kipimo hicho. Kiswahili na lugha za ukanda huu hupenda A na U kuliko Kiingereza kinavyozipenda. TUKUYU ina U tatu kati ya herufi sita, na Kiingereza mara chache huweka zaidi ya U moja kwenye neno fupi. Usihangaike nayo, haitoi kitu cha maana. Ukitaka kuwapa wanafunzi zoezi, wape majina yenye E, R, T, N, S, L na I. MBARALI inatoa "alarm". SONGWE inatoa "snow", "song", "gowns", "owes". LUDEWA inatoa "lead", "deal", "duel", "wade". Makete, kwa herufi sita zenye E mbili, inatoa "team", "meat", "meet", "mate", "tame".

Herufi adimu zina faida yake, hasa katika lile swali la tatu, kwa sababu zinapunguza uwezekano haraka. Ukipewa Q, iambatanishe na U papo hapo; yanayokwepa kanuni hiyo, kama "burqa", ni machache na ya kuazimwa. Ukipewa V, usiiweke mwisho peke yake: Kiingereza huipa E nyuma yake, "have", "give", "leave". X hutangulia kutafutwa baada ya E, au mwishoni: "exam", "box", "six". Anza daima na herufi ngumu, kisha zungusha zile rahisi kuizunguka.

Na tahajia ipi? Shule zetu hufuata Kiingereza cha Uingereza, kwa hiyo "behaviour" ina irabu zote tano na "colour" ina U. Programu nyingi za simu zimetengenezwa kwa tahajia ya Marekani na zitakataa vyote viwili. Mwanafunzi akiona neno alilofundishwa darasani limekataliwa, asidhani mwalimu amemdanganya. Afungue mipangilio ya programu atazame lugha iliyochaguliwa.

Simu inalionaje neno

Watu hudhani kompyuta inapata majibu kwa kupitia ile mipangilio yote maelfu, kwa kuwa ina kasi. Inaweza, lakini njia inayotumika kwa kawaida ni ya kiakili zaidi, na unaweza kuifanya kwa daftari.

Chukua neno lolote, panga herufi zake kialfabeti. KYELA inakuwa AEKLY. Sasa fanya hivyo kwa "leaky": AEKLY. Maneno yenye herufi zilezile lazima yatoe mpangilio uleule, tuuite saini ya neno. Saini ya Iringa ni AGIINR, na ya "airing" ni AGIINR. Mbeya ni ABEMY, sawa na "maybe" na "beamy". Programu inaipitia kamusi nzima mara moja tu, inaandika saini ya kila neno, kisha inazipanga saini hizo kialfabeti. Ukiingiza herufi zako, inazigeuza kuwa saini na kufungua mahali hapo, kama unavyofungua kamusi. Hakuna kupitia mipangilio 360. Ni utafutaji mmoja.

Kwa swali la pili, lile linaloruhusu kuacha herufi, programu inatengeneza saini za mafungu madogo. Tunduma ina saini ADMNTUU. Ukihesabu kila fungu la herufi linaloweza kutoka humo, ni 95 tu, kwa sababu mpangilio hauhesabiwi tena. Mojawapo ni AMNTUU, na hapo ndipo "autumn" imelala.

Swali la tatu haliwezi kujibiwa kwa saini, kwa kuwa neno lina herufi za ziada usizozijua. Hapo programu inapitia kila neno na kuhesabu: ina B? ina M? ina Y? Lile la herufi zinazofuatana lina zana yake ya miaka mingi. Mwaka 1973 Ken Thompson wa Bell Labs, Marekani, alitoa programu ndogo iitwayo grep, inayosoma faili mstari kwa mstari na kutoa ile inayolingana na umbo ulilotaja. Nukta katika umbo hilo husimama badala ya herufi yoyote moja, kwa hiyo nukta mbili na "aky" ni lile swali la "leaky" na "shaky" likiwa limeandikwa kwa lugha ya mashine. Programu nyingi za kamusi za simu hutumia alama ya kuuliza kwa kazi hiyo, na nyota kwa herufi zozote ngapi.

Shule isiyo na kompyuta inaweza kutengeneza daftari la saini. Kila mwanafunzi apewe ukurasa mmoja wa msamiati wa kitabu cha kiada, aandike saini ya kila neno, kisha darasa zima lipange karatasi hizo kialfabeti. "Stop", "spot", "post", "tops" na "pots" zitajikuta pamoja chini ya OPST. "Listen" itakutana na "silent" chini ya EILNST, na "enlist" itaungana nazo. Kazi yenyewe ya kupanga herufi inawafanya wayatazame maneno herufi kwa herufi, jambo ambalo kusoma kwa sauti hakulifanyi.

Kinachobaki ni ugomvi wa kamusi. Kamusi kubwa ya Oxford, toleo la pili la 1989, ina majuzuu 20. Orodha ya maneno yanayokubaliwa kwenye mashindano ya Scrabble yanayotumia kamusi ya Collins inazidi 270,000. Humo utakuta "embay", kufungia chombo ndani ya ghuba, jibu jingine la Mbeya, na "wauled", kulia kama paka, inayomaliza herufi zote za Ludewa. Ni halali. Lakini kwa mwanafunzi anayejiandaa na mtihani, ningeweka sharti moja: jibu linahesabiwa kama unaweza kulitungia sentensi papo hapo. Kwa sharti hilo "deal" na "lead" zinashinda "wauled", na mtoto anaondoka mezani na neno atakaloliandika kesho. Wakubwa wanaoshindana kwa pointi watumie orodha kubwa wakipenda. Ila kamusi itajwe kabla herufi ya kwanza haijawekwa mezani, na yule mwenye simu aiweke kifudifudi.